Barua kwa mwanangu: Neymar, chenga na kujiangusha

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nyumbani wote wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata. Wasema wenzako hapo bwenini Malindi wamegawanyika kuhusu Neymar, yule winga wa Brazil: hawa wasema ni fundi asiye na mfano, wale wasema ni mwigizaji. Kisha ukaongeza, kama kwa kupitia tu, kuwa kocha wako amekwambia umeanza kujiangusha kama yeye. Hilo la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Wewe ni winga wa kushoto unayetumia mguu wa kulia, na kila unachokiona kwake unakileta uwanjani, kizuri na kibaya.

Nianze na ufundi, maana wasemao hana kitu wanakosea. Hadi Septemba 2023, siku ya mechi na Bolivia mjini Belém, alikuwa ameifungia Brazil mabao 79 na kuyapita 77 ya Pelé. Lakini usimsome kwa mabao, msome kwa miguu. Alikulia kwenye mpira wa ukumbini, ambako mpira ni mdogo, haudundi sana, na nafasi ni finyu. Ndiko alikopata ule wayo unaouvuta mpira na kuuzuia papo hapo. Akikimbia, anaugusa karibu kila hatua. Nyonga inashuka upande mmoja kabla mguu haujasema neno, beki anaifuata nyonga, na mpira unatoka upande wa pili. Kumbuka vichochoro vya Langoni na Mkomani huku kwetu Lamu. Pale mtu na punda wake wakipishana nawe ukuta unakugusa bega, hakuna nafasi ya kuusukuma mpira mita tatu mbele. Mguso mfupi unao tangu utotoni, na hiyo ni mali.

Tazama tena mechi ya Barcelona, klabu yake wakati ule, na PSG ya Paris, tarehe 8 Machi 2017. Barcelona walikuwa wamefungwa 4-0 katika mechi ya kwanza. Dakika ya 88 Neymar akafunga frikiki, dakika chache baadaye akafunga penalti, na dakika ya 95 akaunyanyua mpira nyuma ya mabeki, Sergi Roberto akaumalizia: 6-1. Katika pasi ile ya mwisho uwanja mzima ulikuwa na pupa isipokuwa yeye. Huo utulivu ndio ningependa uuibe.

Sasa kasoro, na nakuomba usome polepole, kwa sababu imezaliwa na ufundi wenyewe. Mchezaji anayekaa na mpira karibu na mguu na kumngojea beki aje hupigwa sana. Beki anaufuata mpira, mpira unahama, mguu wa beki unafika umechelewa na unakuta kifundo. Kwa hiyo madhambi mengi anayofanyiwa ni ya kweli. Tarehe 4 Julai 2014, Kombe la Dunia kule Fortaleza, Zúñiga wa Colombia alimpiga goti mgongoni, akavunjika pingili ya uti, na hakuna kadi iliyotolewa. Siku nne baadaye Brazil bila yeye wakafungwa 7-1 na Ujerumani. Mfupa wa unyayo wa kulia, ule wa upande wa kidole kidogo, ulimuumiza Februari 2018 na tena Januari 2019. Oktoba 2023 ligamenti ya goti ikakatika wakicheza na Uruguay. Anayesema mtu huyu haguswi hajui anachosema.

Lakini pia yupo Neymar wa tarehe 22 Juni 2018, Kombe la Dunia, Brazil na Costa Rica. Bado ni 0-0, mpira uko mguuni pake ndani ya kisanduku, beki González anamwekea mkono, naye anajitupa nyuma mikono imefunguka. Mwamuzi Kuipers akaonyesha penalti, akaenda kutazama marudio kwenye skrini, akaifuta. Mkono ulikuwepo, ila haukuwa na nguvu ya kumwangusha mtu. Brazil walishinda 2-0 katika dakika za nyongeza, na bao la pili alifunga yeye. Siku kumi baadaye, na Mexico, Layún alimkanyaga kifundo kweli akiwa chini nje ya mstari. Neymar akajipinda na kulia kiasi kwamba watu waliacha kuuliza aliyekanyaga na wakamcheka aliyekanyagwa. Siku ile alifunga bao na kutengeneza la pili, na bado kinachokumbukwa ni ule mtapatapo. Hasara ya kujiangusha ni hiyo: inakula hata haki yako ya kweli.

Nikwambie sheria inavyosema, kwa sababu mabishano mengi ya mabwenini hayana sheria ndani yake. Kuguswa si madhambi. Sheria ya 12 ya soka inapima vipi ulivyoguswa. Kukiwa na uzembe, ni frikiki bila kadi. Kama aliyecheza hakujali hatari kwa mwenzake, kadi ya njano. Nguvu ikizidi kiasi, nyekundu. Na upande wa pili, kutoguswa si lazima uwe uongo. Sheria inaadhibu kumpiga mtu ngwala na vilevile kujaribu kumpiga ngwala. Beki akija na teleza, yaani akijitelezesha chini miguu mbele, nawe ukaruka ili usivunjwe, ukapoteza mizani na kuanguka, hujamdanganya mtu. Wengi, hata watangazaji, hurudia picha, wakaona hapakuwa na mguso, wakapiga kelele "amejiangusha". Si lazima iwe hivyo. Kuudanganya uamuzi ni pale unapojifanya umechezewa vibaya au umeumia na hukuumia. Hapo ni njano, na mchezo ukisimamishwa kwa sababu hiyo wapinzani wanapewa frikiki isiyo ya moja kwa moja. Uingereza waliongeza ukali kuanzia msimu wa 2017/18: ukimhadaa mwamuzi ukapata penalti au mpinzani akatolewa, unaweza kufungiwa mechi mbili baada ya kutazamwa video.

Huko unakocheza hakuna video. Kuna refa mmoja na vibendera viwili, na refa huyo ana macho na kumbukumbu. Sisi marefa, wenye filimbi, tunachotazama ni hiki. Mtu aliyeangushwa kweli mikono yake hukimbilia ardhini, kwa sababu mwili unajikinga bila kuambiwa. Anayejirusha mikono hupaa, kifua hutangulia na miguu yote miwili hujikunja nyuma kama upinde. Tunatazama muda: aliyepigwa huanguka pale pale, mwongo hupiga hatua moja nzima ndipo akumbuke. Tunatazama upande: ukisukumwa kutoka kushoto huwezi kuanguka kuelekea kushoto. Tunautazama mpira: kama mguso wako wa mwisho ulikuwa mrefu na kipa ameshaufikia, tunajua una sababu ya kutafuta anguko. Na kuna ule mguu wa nyuma unaoachwa uburute ili ukutane na kipa. Huo nimeuona kwenye video uliyonitumia, dakika za mwisho. Mguu wa mtu anayekimbia hurudi chini ya nyonga, wako ulitoka pembeni kumtafuta kipa. Usifanye tena.

Nadhani najua ulikoanzia. Mchanga wa ufuo wetu wa Shela haumuumizi mtu, anguko ni raha, na mtoto aliyekulia pale mwili wake hauogopi kushuka. Katika uwanja mgumu wa changarawe anguko hilo hilo linakuchuna nyonga na kukuvunja kiganja. Basi tumia mchanga kujifunza kinyume chake, yaani kusimama.

Hapo Malindi ngoja maji yapwe, tafuta mchanga ulioloa na kukazana karibu na maji, si ule mkavu wa juu unaozamisha miguu. Panga chupa au ndala utengeneze njia ya mita 15 kwa urefu na mita 3 kwa upana. Wewe na mpira, mwenzako begani. Katika kila safari akusukume bega kwa bega mara tatu, wakati asioutangaza. Wewe kazi yako ni mpira usiende zaidi ya mita moja kutoka mguuni, na baada ya kila msukumo upige hatua tatu fupi za haraka. Safari sita kila upande, pumzika dakika moja kati yake. Kosa utakaloliona kwanza ni kurefusha hatua baada ya kusukumwa. Mguu unanyooka, goti linakaza, na mtu wa kilo hamsini anakuangusha. Shusha nyonga, goti likunje. Kosa la pili ni kumwegemea mwenzako ili umzuie. Akijiondoa ghafla unaanguka peke yako, na hapo refa yeyote atasema umejirusha, nami ningesema hivyo hivyo. Mkono uwe chini ya bega, unamhisi bila kumsukuma. Kiwiko kikipanda juu ya bega, frikiki ni yake.

Ukishampita beki kwa nusu mwili, usikimbie sambamba naye. Kata njia yake, weka mgongo wako mbele ya kifua chake. Sasa ana mawili tu: apunguze mwendo, au akuangushe yeye mwenyewe mbele ya watu. Neymar akiwa katika siku yake nzuri hufanya hivi, na ndipo penalti zake za halali zinapotoka. Akiwa vibaya anarudi katikati ya uwanja, mita arobaini kutoka golini, anakaa na mpira mguuni, anasubiri watu wawili, anapigwa. Frikiki ya pale haimtishi kipa, na kifundo kimeshalipa. Ukiwa mbali na goli, gusa mara mbili na uutoe.

Teleza ikija, usiache mguu umepandwa ardhini na njumu zake. Goti hukatika hivyo. Inua mguu, ruka, na ukianguka kunja kidevu na uviringike kwa bega. Usinyooshe mkono kuzuia. Ukiangushwa kweli na mpira ukaondoka, anguka bila haya, kisha inuka kama mguu unakubali. Bali mpira ukiwa bado ni wako na goli linaonekana, baki wima, kwa sababu refa anaweza kukuachia faida na akarudi baadaye kumpa beki kadi yake. Usimgeukie refa kabla hujagusa ardhi. Macho hayo tunayaona kabla ya jambo lingine lolote. Malalamiko mwachie nahodha.

Kwa hiyo wajibu wenzako hivi: wote wawili wana kweli mkononi, ila wale wa "fundi" hawataki kuiona Costa Rica na wale wa "mwigizaji" hawataki kuiona Colombia. Na kocha wako mwambie nimemuunga mkono.

Jumamosi mkicheza, niandikie beki wao wa kulia ni wa namna gani, anatumia bega au mguu, na mara ngapi ulibaki umesimama alipokufikia. Nitumie na video, ila ipigwe kutoka pembeni, si kutoka nyuma ya goli.

Babako,
Langoni, Lamu