Kompyuta haikosei kuhesabu, ila inahesabu nini?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita iliyosifia mitihani ya kuchagua A, B, C, D kwamba sasa hivi inasahihishwa na kompyuta kwa hiyo matokeo hayana ubishi tena, na mimi niliyeshika kalamu nyekundu miaka mingi nimeshindwa kukaa kimya, maana mwandishi kachukua vitu viwili kavifanya kimoja. Kuna kuaminika kwa mtihani, yaani umpime mwanafunzi leo, umpime tena wiki ijayo bila kumfundisha kitu, alama zikae pale pale au karibu, na asahihishe huyu au yule isibadilike. Halafu kuna uhalali, yaani ile alama inasema kweli kile tunachodai inasema. Kompyuta imesaidia hilo la kwanza, tena nusu nusu. La pili haijaligusa kabisa.

Nimpe haki yake kwanza. Kalamu yetu walimu si ya kutegemewa sana. Mwaka 1912 kule Marekani watafiti wa elimu Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi za somo la Kiingereza wakapeleka nakala zile zile kwa walimu zaidi ya 100 wazisahihishe, na karatasi moja ikarudi na alama zilizopishana kwa zaidi ya 30 kwenye 100. Watu wakasema aah, hiyo ni lugha bana, kila mtu na ladha yake. Mwaka uliofuata wakaleta ya jiometri, somo ambalo wengi tunaapa halina maoni, na mpishano ukazidi! Kumbe huyu anakata maksi kwa uchafu wa kazi, yule anatoa maksi za njia hata jibu likikosewa, mwingine hataki kusikia hayo. Mimi mwenyewe niliwahi kusahihisha rundo la insha nikaliweka kabatini, baada ya wiki tatu nikalirudia bila kuangalia alama za mwanzo, kuna moja nilikuwa nimeipa 14 kwa 20 safari hii nikaipa 10. Nadhani mara ya kwanza niliisoma baada ya insha tatu mbovu kwa hiyo ikang'aa. Niliona aibu lakini ndo hivyo.

Sasa kompyuta imeondoa huyo msahihishaji mwenye njaa na usingizi, sawa. Lakini bahati haijaondoka. Mtihani wa maswali 40 yenye majibu manne manne, asiyejua chochote akiotea tu anategemewa kupata 10 hivi, na siku nyota yake ikiwaka anapata 14. Na maswali yenyewe ni kasampuli tu ka silabasi, pengine yameangukia mada aliyosoma jana yake, pengine ile aliyokosa shule kwa malaria. Ndo maana wanasaikolojia wa Uingereza Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kwa njia yake, mwaka 1910 walitoa kanuni inayoonyesha mtihani ukirefushwa kwa maswali ya aina ile ile unaaminika zaidi. Kuaminika huku hupimwa kwa namba kuanzia 0 mpaka 1, na kama ni 0.60, ukiurefusha mara mbili unafika 0.75, ukiurefusha mara nne kama 0.86. Unaona faida inavyopungua, huwezi kurefusha mpaka watoto walale humo.

Hata ukiwa mzuri kabisa, tuseme 0.91, na alama za watahiniwa zimetawanyika kwa kadiri ya 10, yaani wengi hawapishani na wastani kwa zaidi ya hapo, bado kila alama ina kosa la kama 3 juu na chini. Hivyo wa 49 na wa 50 huwezi kuwatenganisha kwa haki, ila sisi mmoja tunamwita kafaulu na mwingine kafeli, na kompyuta inachapa yote mawili bila kupepesa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni huo uhalali. Swali la asilimia limeandikwa kwa sentensi mistari sita, mtoto anayejua asilimia vizuri anaangushwa na sentensi, tunaandika hajui hesabu. Uandishi tunaupima kwa kuchagua neno lililokosewa herufi, wakati kuandika ni kupanga mawazo kwenye karatasi tupu. Nimewahi kumpata mwanafunzi mwenye alama za juu kwenye karatasi ya maabara, nikampa bureti mkononi, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, hakujua bomba lake linafunguliwa upande gani, alikuwa amekariri maelezo ya majaribio ya miaka kumi iliyopita! Na huyo ukimpima tena na tena atapata alama ile ile, yaani mtihani wake unaaminika sana tu.

Tena vitu hivi viwili vinavutana. Mkubwa akitaka alama zisizo na ubishi, cha kwanza kutupwa ni kile kigumu kusahihisha, insha inaondoka, kuongea kunaondoka, vitendo vinakuwa vya kuandika, na mwalimu darasani naye si mjinga, akiona haviulizwi haviendi tena ubaoni. Mtihani unazidi kuaminika na huku unazidi kupima kitu chembamba. Mwandishi wenu haya kayaruka yote.

Na kuna jambo ambalo Samuel Messick, mtaalamu wa upimaji wa Marekani, alilisisitiza mwaka 1989, kwamba uhalali si mali ya karatasi ya mtihani, ni wa ile tafsiri na matumizi ya alama zake. Mtihani wa kuonyesha mtoto kaelewa wapi unaweza ukafaa sana kwa kazi hiyo, halafu mtu anachukua alama zile zile anapangia shule nafasi na kuamua mwalimu yupi mvivu, hayo ni matumizi mengine na yanahitaji ushahidi wake mwingine.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkija kuchapisha orodha ya shule bora ya kwanza mpaka ya mia, waulizeni waliowapa kosa la kipimo ni alama ngapi, mlichapishe pembeni ya hizo namba, halafu msomaji ajionee mwenyewe shule ya 12 na ya 30 zimeachana kweli au la.

Wenu,
Mwalimu wa kalamu nyekundu