Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Homa ya Ini kwa Watoa Huduma

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mambo ya uanachama yako kwa katibu. Nafasi yangu yote nitaitumia kwa mafunzo ya homa ya ini ya virusi tunayowapa wauguzi, wakunga, matabibu na wataalamu wa maabara, kwa sababu mwaka huu tumeugeuza mtaala, na ni haki yenu kujua sababu.

Mtaala wa zamani ulianzia kwenye virusi: A, B, C, D na E, kimoja baada ya kingine. Mshiriki alirudi kituoni akiwa anavijua vyote. Lakini mgonjwa haji kuuliza virusi viko vingapi. Anakuja na karatasi iliyoandikwa "HBsAg chanya" (alama ya virusi vya homa ya ini B imeonekana kwenye damu), aliyopewa kliniki ya wajawazito, benki ya damu au alipopimwa afya kwa ajili ya kazi, na anauliza afanye nini. Hapo ndipo huduma inapokatika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi vya B. Waliokuwa wamepimwa na kujua hali zao walikuwa asilimia 13, na waliokuwa kwenye dawa asilimia 3. Ni kweli kwamba si kila mwenye virusi anahitaji dawa leo. Lakini mtu hawezi kujua kama anazihitaji au hazihitaji iwapo hakuna aliyemfanyia vipimo vya hatua ya pili.

Kwa hiyo sasa tunaanzia kwenye karatasi. Asubuhi ya siku ya kwanza kila meza inapewa majibu ya maabara na kutakiwa kuandika mgonjwa ataambiwa nini na ataondoka na miadi gani. HBsAg chanya maana yake virusi vipo, na ikibaki chanya zaidi ya miezi 6 maambukizi ni sugu. HBsAg hasi na anti-HBc (kingamwili ya aliyewahi kuambukizwa) hasi, huku anti-HBs (kingamwili inayokinga) ikiwa 10 au zaidi, hiyo ni kinga ya chanjo. Anti-HBc na anti-HBs zikiwa chanya zote mbili, mtu aliwahi kuambukizwa akapona, ila jambo hilo liandikwe kwenye faili lake, kwa kuwa virusi vinaweza kuamka akipewa dawa za saratani au dawa kama rituximab zinazoshusha kinga. Zote tatu zikiwa hasi, achanjwe.

Makosa mawili hujirudia mezani. La kwanza ni kumchanja mtu mwenye HBsAg chanya na kumpa matumaini kwamba chanjo itamponya. Chanjo haimdhuru wala haimsaidii, lakini hupoteza miezi 6 ambayo angekuwa anafuatiliwa. La pili ni ile kauli "una virusi lakini vimelala, nenda nyumbani". Kila mwenye HBsAg chanya anahitaji miadi, hata kama anajisikia mzima kabisa.

Somo tulilolipa muda mrefu zaidi ni APRI, hesabu ya kukadiria uharibifu wa ini kwa vipimo vya damu, kwa sababu linamwezesha tabibu asiye na mashine ya kupima ugumu wa ini kufanya uamuzi siku hiyo hiyo. Chukua AST ya mgonjwa (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini linapoumia), igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ikihesabiwa kwa maelfu. Mgonjwa mwenye AST 48, kwenye maabara ambayo kiwango cha juu ni 40, na chembe sahani 160, anapata 1.2, kisha 120, kisha 0.75. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024, mtu mzima aliyevuka 0.5 anastahili dawa, na aliyevuka 1 achukuliwe kuwa huenda ini limeshasinyaa. Mwongozo wa 2015 ulingoja hadi 2 ndipo mtu ahesabiwe kuwa na ini lililosinyaa, na wengi walipita chini ya mstari huo huku maini yao yakiwa yameharibika.

Hesabu ni rahisi. Kinachoiharibu ni kile kinachoingizwa ndani yake. Wengine huweka ALT, kimeng'enya kingine cha ini, mahali pa AST. Wengine huandika chembe sahani kama 160,000 badala ya 160, na jibu linakuwa dogo mno. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga AST yake, na kiwango kinapanda kwa uongo. Chembe sahani zikigandana ndani ya kichupa cha kofia ya zambarau, mashine huhesabu pungufu, hivyo hesabu ya chini isiyotarajiwa ithibitishwe kwa darubini. Halafu kuna malaria, ambayo hushusha chembe sahani na inaweza kupandisha AST. Mgonjwa mwenye homa apimwe malaria na kutibiwa kwanza, kisha APRI irudiwe akishapona. Hili halisisitizwi vya kutosha kwenye miongozo iliyoandikwa kwa nchi zisizo na malaria, na kwetu ndilo linaloweza kumwanzishia mtu dawa za miaka mingi bila sababu.

APRI ikiwa chini ya 0.5, kazi haijaisha. Mwongozo huo unamruhusu mtu kuanza dawa iwapo virusi vimezidi vizio 2,000 kwa mililita na ALT iko juu ya kawaida, ambayo ni 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Pia anaweza kuanza iwapo ana VVU, virusi vya C au vya D, kisukari, au ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya ini au ini kusinyaa. Pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, ALT inayobaki juu kila inapopimwa inatosha. Dawa ni tenofovir miligramu 300 kwa siku, baada ya kupima kreatini. Figo zikiwa dhaifu, entecavir ni chaguo jingine. Mgonjwa aelezwe siku ya kwanza kwamba kuacha ghafla kunaweza kuwasha ini upya kwa ukali. Kwa wenzetu wa CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, mgonjwa mwenye VVU na B akibadilishiwa dawa, tenofovir isiondolewe kwenye mchanganyiko bila kuweka nyingine inayozuia B.

Wodi ya wazazi ndiko tunakoweza kuzuia mengi zaidi. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, maambukizi huwa sugu kwa takribani 90 kati ya 100. Kwa mtu mzima ni chini ya 5 kati ya 100. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ni nzuri, lakini virusi vinavyopita wakati wa kujifungua vimeshatangulia. Dozi ya kuzaliwa, mililita 0.5 kwenye msuli wa paja kwa nje, inapaswa kutolewa ndani ya saa 24. Ikichelewa, bado itolewe. Mama mwenye HBsAg chanya apewe tenofovir kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito ikiwa virusi vimefika vizio 200,000 kwa mililita au HBeAg, alama ya virusi vinavyozaliana kwa wingi, ni chanya. Pasipo na vipimo hivyo viwili, mwongozo wa 2024 unaruhusu kila mjamzito mwenye HBsAg chanya apewe. Kunyonyesha kuendelee kama kawaida.

Yanayokwamisha si elimu peke yake. Jibu la mama huwa ndani ya kadi na mkunga wa zamu ya usiku hana muda wa kuipekua, kwa hiyo tunafundisha alama moja kubwa kwenye jalada. Ufunguo wa jokofu huwa kwa mtu wa chanjo ambaye Jumamosi hayupo. Na mkunga huogopa kufungua kichupa cha dozi 10 kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa kuwa amezoea BCG, chanjo ya kifua kikuu, inayotupwa baada ya saa 6. Chanjo ya homa ya ini B iliyo ya maji, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani na kutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8, inaweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, iwapo kiashiria cha joto na tarehe ya mwisho viko sawa. Tuliona nyuso za wakunga zikibadilika waliposikia hilo.

Kiashiria cha kichupa huonyesha joto tu, hakionyeshi kuganda, na chanjo hii ikiganda imekufa. Usiibandike kwenye ukuta wa jokofu unaotoa ubaridi, na barafu ya kubebea isitumike mpaka itoe jasho na ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ukishuku, gandisha kichupa kimoja cha toleo lile lile mpaka kiwe kigumu, kiache kiyeyuke, kisha vitikise vyote viwili na uvisimamishe pamoja. Unachokishuku kikitua haraka sawa na kile kilichogandishwa, au haraka zaidi, vyote vitupwe.

Sasa tuje kwetu wenyewe, na hapa naomba mnisikilize. Hatuwezi kufundisha kinga huku mwanachama hajachanjwa. Dozi ni tatu, mwezi 0, 1 na 6, mililita 1 kwenye msuli wa bega, si tako. Aliyeacha katikati aendelee alipoishia, asianze upya. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu apime anti-HBs. Ikiwa chini ya 10, arudie dozi tatu, na ikigoma tena apime HBsAg. Akichomwa na sindano aoshe kwa sabuni na maji, asikamue wala kumwagia dawa ya madoa, atoe taarifa saa hiyo hiyo, na mgonjwa aliyetumiwa sindano hiyo apimwe. Asiye na kinga apate dozi ya kwanza siku hiyo, pamoja na HBIG (sindano ya kingamwili za B zilizo tayari) inapopatikana, ikiwezekana ndani ya saa 24. Visanduku vya sindano vifungwe vikijaa robo tatu. Damu iliyokauka mezani bado ina uwezo wa kuambukiza kwa siku 7 angalau.

Kuhusu C nitakuwa mfupi. Kingamwili chanya si ugonjwa mpaka kipimo cha RNA, kinachotafuta virusi vyenyewe, kithibitishe, kwani baadhi ya watu hupona wenyewe. Sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12 huponya zaidi ya 95 kati ya 100, ila HBsAg ipimwe kabla. Wanaojidunga dawa za kulevya wapimwe kwanza, na kliniki za methadoni (dawa ya kuwasaidia kuacha heroini), zilizoanza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ndizo mahali pa kuwakuta.

Mwaka huu tumeshindwa kwenye jambo moja. Washiriki hurudi wakiijua APRI, lakini AST inapimwa leo na picha kamili ya damu, yenye idadi ya chembe sahani, wiki ijayo, na mgonjwa harudi. Kwa hiyo mwaka ujao hatutaalika tabibu peke yake. Kila kituo kitaleta tabibu, mkunga na mtu wa maabara, na kabla hawajaondoka watatu hao watasaini mpango mmoja: HBsAg ikiwa chanya, AST, ALT, kreatini, VVU, C na picha kamili ya damu vitachukuliwa siku hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye tutaomba rejesta zao, bila majina, tuone ni wangapi walioandikiwa APRI na tarehe ya kurudi. Pendekezo hili liko mbele yenu lipigiwe kura.