Mjomba, mimi bado niko upande wa Mzee

Shikamoo mjomba,

Natumai huko Muscat joto limepungua na nyote mu wazima. Huku kwetu Kisauni sote salama. Mama anakusalimu sana, na anasema ukija usiisahau halua.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema juzi kwenye simu. Binti yangu alikuwa akikuonyesha picha ya yule kiboko na yule kobe wa Bamburi, nawe ukasema, "Maskini Owen, walimtenganisha na mwenzake." Hayo ndiyo uliyokuwa ukiyasema tangu sisi watoto. Miaka yote hii wewe uko upande wa kiboko. Nimeona nikujibu, na nikujibu hadharani, maana watu wengi wa hapa Pwani wanakikumbuka kisa hiki kama unavyokikumbuka wewe: kiboko yatima, kobe mpole, urafiki wa ajabu, basi. Mimi naona kwa kusimulia hivyo tunamdhulumu Mzee, yule kobe. Nimeona wanyama wengi, wa mbugani na wa kufugwa, na hakuna niliyempenda kama yeye.

Nianze na yale tusiyobishania. Desemba 2004 mvua zilipiga sana bara, Mto Sabaki ukafurika, ukawasukuma viboko mpaka pale mto unapoingia baharini, karibu na Malindi. Watu walijaribu kuwarudisha juu wasiweze. Tarehe 26 ikaja tsunami. Siku ya pili yake akaonekana kiboko mdogo, wa mwaka mmoja hivi, amekwama peke yake kwenye mwamba baharini. Wavuvi na watu wa ufukweni walihangaika naye saa nyingi. Nyavu za samaki alizirarua, kamba zikamponyoka kwa utelezi, mpaka mgeni mmoja kijana alipomrukia akambana, wenzake wakawahi kumfunika kwa nyavu nzito. Kijana huyo aliitwa Owen, na kiboko akaondoka na jina lake. Kilo zake zilikuwa kama 270, na huyo ni mtoto! Wakampakia kwenye pikapu, wakamleta Haller Park, ile hifadhi ya wanyama ya Bamburi, mwendo wa kilomita 80 hivi.

Kumrudisha mtoni haikuwezekana. Viboko wa kundi jingine wasingempokea, na dume mwenye eneo lake angeweza kumuua. Kwa hiyo ikawa Bamburi.

Na Bamburi yenyewe, mjomba, sijui kama wanangu wataielewa kama ulivyotuelewesha wewe. Tukishuka matatu ya Mtwapa pale barabarani, kabla ya kwenda kwa twiga au mamba, ulikuwa ukituinamisha kwenye majani makavu ya mivinje kutafuta majongoo. Sisi tulitaka twiga, wewe ulitaka majongoo! Ulituambia hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, shimo jeupe la mawe ya matumbawe, jua linapiga na maji ya chumvi yako karibu tu chini. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, akaanza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikasimama 3 tu, mmoja wao mvinje. Lakini majani ya mvinje yakianguka hayaozi upesi, yanarundikana tu. Ndipo wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayala majani yale, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ukaota msitu. Hayo nilikuja kuyasoma nikiwa mkubwa nikakuta kila ulichosema ni kweli. Kwa hiyo Owen aliletwa mahali ambapo miaka 35 nyuma hata nyasi hazikuota. Hilo nalo watu hulisahau.

Sasa tuje kwa Mzee.

Owen alipofunguliwa ndani ya boma, amechoka na ameogopa, alikimbia moja kwa moja akajibanza nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Watu wanaposimulia huishia hapo: wakapendana. Hapana. Mzee alikasirika. Alitoa ule mlio wao, hewa inayotoka kwa nguvu kobe anapovuta kichwa ndani ya gamba, akajiondokea kwa hatua zake zile. Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena, Owen akamfuata tena. Asubuhi watunzaji waliwakuta wamelala pamoja.

Hebu lifikirie hili, mjomba, maana ndilo linaloniweka upande wake. Owen alifanya alichozaliwa akifanye. Mtoto wa kiboko akiona hatari hukimbilia mgongo wa mama, na pale bomani kitu kikubwa, cha mviringo, cha kijivu, kilikuwa Mzee. Mzee kwa upande wake hakuwa na chochote cha kumwongoza. Kobe jike hutaga mayai, hufukia, huenda zake, na watoto wakitoka ardhini wanajitafutia wenyewe. Mzee hakupata kulelewa na yeyote, na hakuna kilichomtuma alee. Angeweza kumkasirikia mtoto yule kwa wiki na miezi, na hakuna ambaye angemlaumu. Hata hivyo alimwacha akae.

Na hakumvumilia tu. Dakta Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa mahali pale wakati huo, pamoja na watunzaji waliwafuatilia wawili hao kwa karibu, na waliyoyaona yalimshangaza kila mtaalamu. Owen alijifunza kula anachokula Mzee, majani na karoti, tena mchana, na usiku akalala, ilhali kiboko hutoka kula usiku. Alimlamba uso. Alimng'ata taratibu mguu wa nyuma akitaka aende, kulia au kushoto, na Mzee akaenda. Kuna nyakati Mzee ndiye aliyekuwa akimfuata Owen. Wakaanza kuitana kwa mngurumo wa chini ambao haukuwa sauti ya kawaida ya kobe wala ya kiboko. Picha zilizowafanya wajulikane dunia nzima alizipiga Peter Greste, mwandishi wa habari kutoka Australia, yuleyule aliyekuja kufungwa jela Misri miaka ya baadaye.

Mimi sikumjua Mzee kwa picha. Nilimjua kwa Bibi.

Unakumbuka jinsi Bibi alivyokuwa hataki kwenda? Alisema hana haja ya kulipa kiingilio kutazama kobe, kobe amewaona tangu utotoni Lamu. Ukambembeleza, akaja na buibui lake na kikapu cha mahamri. Tulipofika bomani, mtunzaji akatueleza umri wa Mzee. Bibi akamwuliza, "Mia na thalathini?" Akaambiwa ndiyo. Akainama kidogo pale penye ukuta, kwa adabu kabisa kama anayeingia kwa mtu, akasema, "Shikamoo, Mzee." Watu waligeuka. Yeye hakujali. Alisema tangu azikwe shangazi yake hana tena wa kumwamkia hapa mjini, wote waliobaki wanamwamkia yeye. Tangu siku hiyo kila tulipokwenda aliamkia kwanza, kisha ndiyo tukatazama.

Nami kwa kusimama karibu na Bibi nikapata kumtazama Mzee hasa. Ngozi ya shingo imekunjamana na ni kavu, lakini macho ni mabichi na meusi, na yana unyevu. Kinywa hakina jino hata moja, kina ukingo mkali unaokata jani kama mkasi. Akila hana haraka: anang'ata, anavuta kichwa nyuma, jani linakatika, kipande cha kijani kinamning'inia pembeni. Na wale kobe wengine waliokuwa wakizurura njiani, ukimkuna mmoja shingoni hunyanyuka juu ya miguu yote minne, ananyoosha shingo mpaka mwisho, na kutulia hivyo. Uliponionyesha hilo mara ya kwanza nilidhani nimemuumiza. Kumbe wamezoea hivyo, ili ndege wapate kuwatoa kupe kwenye mikunjo.

Niliumia sana Machi 2018, Sudan alipokufa kule hifadhi ya Ol Pejeta, kifaru dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Dunia nzima iliumia. Lakini Sudan wengi tulimpenda kwa sababu alikuwa wa mwisho. Mzee hakuwa wa mwisho wa kitu chochote. Kule Aldabra, Shelisheli, kobe wa aina yake ni maelfu kwa maelfu, na hata kisiwa cha Changuu hapo Zanzibar wapo, walitolewa Shelisheli mwaka 1919. Mzee nilimpenda kwa tabia yake tu, kama unavyompenda mtu wa mtaani kwenu.

Sasa hili la kutenganishwa, ambalo najua ndilo linalokuchoma. Mjomba, kiboko dume akikomaa hupita kilo 1,500. Ule mng'ato mdogo wa mguuni, aliokuwa akiufanya mtoto kwa mapenzi, ungekuja kufanywa na mnyama mwenye meno kama visu na uzito wa gari. Gamba la kobe ni gumu lakini ni mfupa, ni mwili wake, likivunjika hakuna fundi. Owen hakujua nguvu zake. Angeendelea kucheza vilevile, na siku moja mchezo ungemmaliza Mzee, na watu wangeandika tena habari, safari hii ya kusikitisha.

Na tumfikirie Owen pia, maana nami namtakia mema. Mwaka 2007 alipowekwa pamoja na Cleo, kiboko jike, alipata kwa mara ya kwanza tangu mafuriko yale mwenzake wa kumjibu kwa lugha yake. Akapata wa kuzama naye majini. Kuishi na Mzee kulimwokoa, mimi nakubali na nasema hivyo kila siku, lakini kulimfanya kiboko anayelala usiku kando ya kobe. Je, tulitaka abaki hivyo miaka 40 kwa sababu sisi tunapenda kuwatazama? Waliowatenganisha walifanya jambo zuri, na walilifanya wakijua watu watawalaumu. Mzee naye alirudi kwa kobe wenzake, akala majani yake bila kusukumwa. Alikuwa amekwisha kufanya kazi kubwa ambayo hakuiomba.

Kwa hiyo usimwambie tena binti yangu kwamba walionewa. Mwambie Mzee alimkasirikia Owen kwanza. Sehemu hiyo ndiyo anayoipenda, ananiomba niirudie kila usiku na anaigiza ule mlio.

Halafu kuna jambo moja nakuomba. Ile picha uliyoipiga kwa kamera yako ya filamu, Bibi akiwa amesimama ukutani na Mzee nyuma yake, iko kwako. Mama ameitafuta kwenye makasha yote hapa nyumbani hakuipata, na Bibi hana picha nyingine anayocheka. Ipige kwa simu unitumie leo, na ukija Desemba uje nayo yenyewe. Kama Owen yumo pembeni, muache, nitakiri kwamba alikuwepo.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako akupendaye,
Kisauni, Mombasa