Maji mumepima, ugonjwa je?

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti yenu miaka mingi na sikuwahi kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya maziwa ya Masisi "kupimwa na kuonekana safi" imenishinda. Ilipimwa nini? Kwenye picha yenyewe naona ile kioo yenye kuelea, ya kupima kama muuzaji ametia maji. Ikisoma 1.030, uzito wa maziwa yenye haikutiwa maji, banakuandikia tikee, pita. Ile kioo haijui brucella (mikrobe ya ng'ombe yenye inaingia mutu kwa maziwa mabichi), haijui kifua kikuu ya ng'ombe, haijui salmonela. Ng'ombe mgonjwa anaweza kabisa kutoa maziwa mazito ya kupendeza.

Shemeji yangu ni mutu wa maziwa mabichi asubuhi na fromaji (jibini) jioni. Mwaka jana homa ikamuanza, inakuja magaribi inaenda asubuhi, jasho inalowanisha shuka, mgongo na magoti vinamuuma kama muzee wa miaka 80, kila fasi banamuambia malaria, banamuambia tifoide, anameza dawa, anapata nafuu kidogo, inarudi, pesa inaisha, bibi yake akaanza kuangalia majirani kwa jicho ya uchawi, mpaka siku daktari moja akamuuliza kama anakunywa maziwa bila kuchemsha. Damu ikapimwa: brucella! Doksisiklini na rifampisini wiki 6. Nikaenda kwa mwenye kutuletea maziwa, nikamwambia pimisha ng'ombe zako, akafungua mufuko akanitolea tikee: "Mama, ilishapimwa." 1.030. Na stempu juu!

Na musiniambie "chemsheni". Maziwa tunachemsha. Fromaji nani anachemsha? Nyingi inatengenezwa na maziwa mabichi, na ikingali changa brucella inaweza kukaa ndani wiki nyingi.

Hapo sijagusa bidoni. Zile za njano zenye zilibeba mafuta ya mawese, mudomo mwembamba mukono haingii, banasuuza na maji ya baridi banatia maziwa, juu ya pikipiki, jua kali, na kila barieri ya njiani inakula pesa yake kwa kila bidoni. Hakuna hata moja yenye inanusa ndani.

Kipimo ya brucella kwenye maziwa iko, na haiko ya watu wa Ulaya tu. Unatia tone la dawa ya rangi ndani ya tube ya maziwa ya kundi nzima, unaiacha saa moja kwenye joto kama ya mwili: pete ya buluu ikipanda juu kwenye krimu, kundi iko na tatizo, njo unatafuta ng'ombe moja moja kwa damu. Inaweza kudanganya kidogo kama kuna ng'ombe mwenye matiti kuvimba ao mwenye amezaa juzi, kwa hiyo inarudiwa kila miezi michache.

Basi pesa ya barieri moja tu, chagueni yenyewe, inunue ile dawa. Kama ni ngumu, kila mwenye kuandika tikee anywe kwanza kopo moja mbichi ya ile bidoni, mbele ya bamama wenye kununua, na asile fromaji ingine wiki ile isipokuwa ya ile kundi.

Mama wa Katindo, Goma