Barua ya wazi kwa msimamizi wa vyombo vya habari: matangazo ya dhahabu yasivikwe joho la habari

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linafanyika mchana kweupe, mbele ya kila anayefunua gazeti au kufungua tovuti ya habari, na kwa sababu mamlaka unayoiongoza ndiyo yenye uwezo wa kulikomesha. Ninazungumzia makala zinazowahimiza watu kuhamishia akiba zao kwenye dhahabu na madini mengine ya thamani, makala ambazo zimelipiwa na wauzaji wa madini hayo lakini zinachapishwa kwa mpangilio, herufi na lugha ileile wanayoitumia waandishi wa habari.

Sina ugomvi na dhahabu. Ni mali halali, imetunza akiba za watu kwa karne nyingi, na benki kuu za dunia kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 katika kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Wala sina ugomvi na matangazo, maana bila hayo magazeti mengi yangekwisha kufunga milango. Ninacholalamikia ni kwamba msomaji ananyimwa haki ya kujua ni nani anayezungumza naye, tena katika jambo linalogusa mafao yake ya uzeeni.

Chukua makala moja ya aina hii uitazame kwa karibu. Kichwa chake kinauliza kwa nini wenye akiba wanakimbilia dhahabu. Aya ya kwanza inaeleza mfumuko wa bei, ya pili inataja manunuzi ya benki kuu, na ya tatu inamnukuu mchambuzi wa soko ambaye, ukifuatilia, utakuta ni mwajiriwa wa kampuni inayouza sarafu. Jina la kampuni hiyo halijitokezi mpaka chini kabisa, msomaji akiwa ameshalainika, na hapo ndipo panapokuwa na kitufe cha kuomba mwongozo wa bure. Mwongozo huo hautolewi mpaka uache namba ya simu, na baada ya hapo wakala wa mauzo anaanza kupiga. Juu ya ukurasa, kwa herufi ndogo za kijivu, pameandikwa kwamba hayo ni maudhui ya mshirika, maneno ambayo hayamwambii mtu wa kawaida kwamba kuna fedha iliyolipwa ili makala ile iwepo.

Ugumu wa jambo hili, Mheshimiwa, ni kwamba kila sentensi ya makala kama hiyo yaweza kuwa kweli. Udanganyifu uko katika kilichoachwa, na mwandishi wa habari anayejua kazi yake asingekiacha. Angesema kwamba Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika takriban dola 850 za Marekani, kwamba bei hiyo iliporomoka hadi karibu dola 250 mwaka 1999, na kwamba haikurudi ilikokuwa hadi Januari 2008. Mtu aliyenunua kileleni akiwa na umri wa miaka 40 alikuwa anakaribia miaka 68 alipoona tena ile namba ya mwanzo, na wakati huo dola zilezile zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kununua. Angesema pia kwamba bei ilikaribia dola 1,900 mwaka 2011, kisha ikashuka hadi karibu dola 1,050 mwishoni mwa 2015. Kuhusu madini ya fedha angekumbusha kwamba wakia moja ilikaribia dola 50 Januari 1980, lakini tarehe 27 Machi mwaka huohuo ikaangukia chini ya dola 11. Ni kweli vilevile kwamba dhahabu ilivuka dola 4,000 mwaka 2025, na hilo nalo lisemwe. Lakini mtu aseme yote, wala asichague kipande cha mlima kinachopanda tu.

Lipo jambo jingine ambalo sijapata kuliona likielezwa vizuri katika makala hizi za kulipiwa, nalo ni tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Bei inayotajwa kwenye taarifa za masoko ni ya wakia ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1, katika biashara ya jumla. Mnunuzi mdogo haipati kwa bei hiyo. Analipa nyongeza ya muuzaji, na siku ya kuuza anapewa pungufu ya bei ya soko. Nyongeza hiyo huwa ndogo kwa vipande vikubwa na sarafu za kawaida, lakini huweza kuwa kubwa mno kwa sarafu zinazouzwa kama za wakusanyaji. Tuchukue mfano wa hesabu: ukinunua sarafu kwa nyongeza ya asilimia 30 juu ya thamani ya madini yake, kisha mnunuzi akakulipa pungufu ya asilimia 5, bei ya soko italazimika kupanda kwa takriban asilimia 37 ndipo urudishe fedha yako bila faida hata senti moja. Muda wote huo dhahabu haikupi riba wala gawio, na huenda unalipia pia mahali pa kuihifadhi.

Wauzaji wanajua sarafu zipi zina nyongeza kubwa, na ndiyo maana historia inapindishwa ili kumsogeza mteja upande huo. Mfano unaojirudia ni wa Marekani mwaka 1933, Rais Franklin Roosevelt alipowaamuru wananchi wakabidhi dhahabu yao kwa malipo ya dola 20.67 kwa wakia, kabla ya bei rasmi kupandishwa hadi dola 35 mwaka uliofuata. Amri hiyo iliruhusu watu kubaki na sarafu adimu za wakusanyaji. Kutokana na kipengele hicho msomaji wa leo anaambiwa kwamba serikali inaweza kuja kuchukua dhahabu yake, na kwamba kinga yake ni sarafu za zamani, ambazo kwa bahati ndizo zenye faida nono kwa muuzaji. Haambiwi kwamba katazo lile liliondolewa mwishoni mwa 1974. Hofu ikiwasilishwa kwa sauti ya tangazo, msomaji huipima. Ikija kwa sauti ya mhariri anayemwamini, huimeza nzima.

Madhara ya biashara ya hofu si ya kubuni. Septemba 2020, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa za mikataba, pamoja na majimbo 30, ilifungua kesi ikidai kwamba wauzaji fulani wa madini ya thamani waliwatapeli watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 180, hasa kutoka kwenye akiba zao za kustaafu, kwa kuwauzia sarafu za dhahabu na fedha kwa bei za kuruka. Sisemi kwamba kila muuzaji ni tapeli, na wako waaminifu wengi. Nasema kwamba chombo cha habari kinapokodisha heshima yake hakina njia ya kujua inaishia mikononi mwa nani.

Najua utetezi utakaoletwa mezani kwako: kwamba alama ipo, na asiyeisoma ajilaumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2016 matokeo yaliyoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa shule za kati waliopimwa waliichukulia makala ya kulipiwa kuwa habari halisi, ingawa ilikuwa na alama ya kueleza kwamba imefadhiliwa. Wale walikuwa vijana wadogo, lakini mtu mzima anayesoma kwenye kioo cha simu huku akifikiria mengine naye ni rahisi kupigwa changa la macho. Tena makala ikitumwa kutoka simu hadi simu, mara nyingi husafiri na kichwa chake, picha yake na jina la gazeti, huku ile alama ikibaki nyuma.

Ninayoomba si mageni. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki, uliweka miongoni mwa mambo yaliyopigwa marufuku moja kwa moja tendo la mfanyabiashara kulipia maudhui ya kihariri bila mlaji kuonyeshwa wazi kwamba yamelipiwa. Marekani nayo ilitoa tamko la sera Desemba 2015 kuhusu matangazo yaliyovaa sura ya habari.

Naomba basi ofisi yako itoe kanuni inayotaka neno "tangazo" liwekwe juu ya kichwa cha makala, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa kichwa chenyewe, na liwe sehemu ya kichwa hicho popote makala itakapotumwa. Jina la aliyelipa litajwe katika sentensi ya kwanza. Kila makala inayohimiza ununuzi wa madini ya thamani itaje nyongeza ya bei na bei ambayo muuzaji yuko tayari kununulia tena siku hiyohiyo.

Nasisitiza zaidi suala la kamisheni, kwa kuwa ndilo linaloweza kuponyoka kirahisi. Siku hizi orodha za wauzaji bora wa dhahabu huandikwa na chumba cha habari chenyewe, na gazeti hulipwa kwa kila msomaji anayebonyeza kiungo au kuacha namba yake ya simu. Hapo mwandishi ni wa kweli na hakuna makala iliyonunuliwa, kwa hiyo kanuni inayotazama matangazo ya kulipiwa pekee haitaigusa. Hata hivyo mpangilio wa orodha unaweza kufuata malipo, na aliyekataa kulipa asionekane kabisa. Kanuni iseme kwamba palipo na kamisheni, msomaji aambiwe mwanzoni kabisa, pamoja na majina ya wote wanaoilipa, na adhabu imguse muuzaji na mchapishaji kwa pamoja.

Naomba majibu ya ofisi yako yatolewe hadharani, na yataje tarehe ambayo rasimu ya kanuni hizo itafikishwa kwa wananchi ili watoe maoni.

Wako mwaminifu,
Mhariri wa zamani wa kurasa za uchumi