Binamu, Archer sio katuni ya watoto

Binamu, mambo? Najua ukiona nimekuandikia hapa hadharani utasema nimeanza, lakini kwenye simu hunipi nafasi, nikitaja tu Archer unasema "mtu mzima na katuni" halafu unabadilisha stori.

Sasa leo utanisikiliza. Jamaa ni jasusi kweli, suti kali, mabastola, totoz, pombe kuanzia asubuhi. Ila ujasusi wenyewe pale ni kisingizio, ile ni stori ya ofisi. Bosi ni Malory, mama yake mzazi Archer (hebu fikiria mama yako ndio anasaini mshahara wako), na misheni nyingi zinaharibika kwa sababu watu wako bize kugombania risiti, nani katembea na nani, nani kagusa chupa ya bosi. Episodi ya kwanza kabisa Archer anataka kuingia kwenye kompyuta kuu ya shirika lake mwenyewe afiche hela za ofisi alizotumia ovyo, na mhasibu anayezifuatilia ni Cyril, ambaye sasa hivi ndio yuko na Lana, eksi wake Archer. Paswedi haijui, anabahatisha tu "guest", yaani mgeni, ikafunguka! Shirika la majasusi hilo. Nilicheka mpaka nikarudisha nyuma.

Halafu maneno yao. Wanaongea juu kwa juu, huyu hajamaliza yule kaingia, na kuna mchezo wanaucheza sana, mtu anauliza swali huku, sini inakatika, mwingine yuko sehemu nyingine kabisa na stori zake anatamka kitu kinachokaa kama jibu la lile swali. Ukiwa unachezea simu imekupita. Na zile bunduki, muvi nyingi watu wanafyatuliana ndani ya chumba halafu wanaendelea kunong'onezana kama hamna kitu, hapa masikio yanawapiga mluzi kweli, Archer anabaki anatoa visauti vya ajabu hasikii anachoambiwa. Ila kuhesabu risasi za adui hakosei, huyo huyo mlevi.

Enzi yake sasa usiulize, KGB, wale majasusi wa Urusi ya Kisovieti, bado ipo, kompyuta ni yale madude ya kizamani, simu za mkononi pia zipo. Aliyeitunga, Adam Reed, aliamua kuchanganya tu na inakaa vizuri. Ilianza FX, chaneli ya TV ya Marekani, mwaka 2009 ikaisha 2023, misimu 14, na 2016 ilibeba Emmy, ile tuzo kubwa ya TV Marekani, ya katuni bora, kwa hiyo sio mimi peke yangu niliyechanganyikiwa.

Sikudanganyi lakini, yote sio asali. Kuanzia msimu wa 8 mpaka wa 10 Archer yuko koma, unaangalia ndoto zake, mara yuko enzi za wapelelezi wa makofia, mara kisiwani, mara anga za juu. Picha nzuri, ila mimi niliimiss ofisi. Ukichoka ruka, sitakusema.

Usiache tu msimu wa 12. Jessica Walter, sauti ya Malory, alifariki Machi 2021, wakamuaga kwenye episodi ya mwisho ya msimu ule, Malory anaacha barua, halafu tunamuona ufukweni na mumewe Ron. Ron sauti yake ilikuwa ya Ron Leibman, ambaye alikuwa mume wake Jessica kwenye maisha ya kweli na alitangulia kufariki 2019. Kwa katuni ya matusi vile, sikujiandaa kabisa.

Basi anza msimu wa kwanza, watoto wakishalala, na uvae hedifoni maana Pam wa HR ana mdomo mchafu kuliko wote. Na ukifika kwa Dokta Krieger, mwanasayansi wa ofisi, na yule mpenzi wake wa hologramu usinipigie kuniuliza nakuonyesha vitu gani, we endelea tu.