Wanangu madereva, deni la usingizi hulipwa kwa kulala

Wanangu mnaopitisha mizigo kati ya Malaba na Kampala,

Jumatano alfajiri, hapa Naluwerere, kituo cha malori kwenye barabara yenu hiyo ya Uganda, nilimwona kijana akitolewa kwenye kebini, lori limelala ubavu mtaroni. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Shavu bado limevimba mairungi, yaani miraa ya kutafuna ili usisinzie. Akaniambia, "Mzee, sikulala. Nilipepesa macho tu."

Alilala. Kuna usingizi wa sekunde tatu nne unaokuchukua hata macho yakiwa wazi, na mwenyewe huna habari. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva. Nilikwenda kutazama lami: hapakuwa na alama ya breki hata moja.

Nimeendesha trela miaka 26, na mairungi nilitafuna. Ndiyo maana nawagombeza. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na hiyo ndiyo inayozidisha uzito wa kope. Kahawa huizibia mlango tu, haiiondoi. Mairungi humchapa punda aliyechoka. Deni liko palepale, nalo hupenda kudai mtu akiwa mteremkoni. Tena mna saa ndani ya ubongo inayofuata mwanga wa jua. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri inataka mwili upumzike, hata kama mchana ulijilaza kidogo. Kufungua dirisha na kupandisha redio hakuisimamishi. Egesha mahali salama, funga milango, lala hata dakika 20. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila siku.

Tanboi, yaani msaidizi wako wa lori, akikuambia unakoroma mpaka pumzi inakatika, nenda hospitali. Ukiwa na homa zisizoisha, usiku hulali na mchana unasinzia, na umepita penye mbung'o, pima malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o hao. Busoga, eneo letu hili, iliuliwa sana na ugonjwa huo mwanzoni mwa karne iliyopita.

Nanyi matajiri wenye malori! Mnapiga simu usiku wa manane kuuliza mzigo umefika wapi, dereva akisema amelala mnamwita mvivu. Mmempa saa ngapi za kulala? Mtoto huyu ana mama.

Yule kijana nilimtandikia mkeka nyuma ya duka la mke wangu. Alilala mpaka jua likazama. Simu ya tajiri wake iliita mara kumi na moja. Sikumwamsha.

Mzee wenu, Naluwerere